Wasomaji Wauliza: Mhariri wa wanafunzi ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu

*Ndugu Mhariri, gazeti letu la wanafunzi lilitoa habari kuhusu pesa za kukarabati hosteli ambazo hazionekani zilikokwenda. Jumatano nimekabidhiwa barua: nifike mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa saa tatu, kosa langu ni "kuchafua jina la chuo". Anayeongoza kamati ni ofisa yuleyule tuliyemtaja kwenye habari. Wenzangu wanasema tuifute kwanza, mambo yatulie. Nifanyeje?*
— Mhariri, Bonde la Ufa

Msiifute. Habari iliyofutwa usiku bila maelezo husomwa na kamati kama kukiri kosa, na wala haifutiki: picha za skrini zimeshazagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya chuo kizima. Rudieni habari nzima mstari kwa mstari mkiwa na ushahidi mezani. Mkikuta kosa la kweli, tuseme milioni 3 iliandikwa 13, lisahihisheni leo na mwandike juu ya habari ni nini kilichokosewa na kimesahihishwa tarehe ipi. Kosa lililosahihishwa kabla ya kikao halina uzito kama lile linalofichuliwa na kamati yenyewe.

Kisha linda vitu vyako. Barua pepe uliyopewa na chuo ni mali ya chuo. Ofisi ya kompyuta inaweza kuifunga asubuhi moja, na inaweza kuisoma. Rekodi za mahojiano, daftari, nyaraka na ujumbe wa simu viwe na nakala mbili nje ya mfumo wa chuo, moja mtandaoni na nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu aliyonayo mtu asiye mwanafunzi. Angalia pia nani ameshika nywila za tovuti na ukurasa wa Facebook wa gazeti. Tumeona mara nyingi kwamba mzozo huamuliwa hapo, si kwenye kikao: mwenye nywila ni mhariri aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, au ni karani wa chuo, na gazeti linazimwa bila hoja hata moja kujibiwa. Wawe watu wawili wenye mamlaka kamili ya ukurasa, na mmoja wao asiwe kwenye orodha ya walioitwa.

Sasa barua. Siku hiyohiyo jibu kwa maandishi, nusu ukurasa, bila hasira. Sema umepokea wito tarehe fulani saa fulani. Uliza ni kanuni namba ngapi ya wanafunzi unayodaiwa kuvunja, kwa maana "kuchafua jina la chuo" mara nyingi haimo kwenye kanuni kwa maneno hayo. Omba nakala za ushahidi watakaoutumia. Omba siku saba za kujiandaa. Omba ofisa aliyetajwa kwenye habari asiketi kwenye kamati. Mlalamikaji hawezi kuwa hakimu wa lalamiko lake. Omba uruhusiwe kuja na mtu wa kukusaidia. Huombi fadhila hapa: Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya na kifungu cha 4 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinakupa haki ya kuarifiwa mapema, kupewa ushahidi, kusikilizwa na kuomba kikao kiahirishwe. Sheria hiyo inazihusu pia taasisi zisizo za serikali, kwa hiyo chuo binafsi hakina pa kujificha.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Karani akikataa kugonga, itumie ofisi hiyo barua hiyohiyo kutoka barua pepe yako binafsi na uandike pembeni jina lake na saa.

Wakikunyima kuahirishwa, nenda. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanagoma, kamati inaandika "mshtakiwa alikataa kuhudhuria", na hoja yote ya kutosikilizwa inakufa. Ingia, omba pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, jibu ulichoulizwa tu. Chanzo chako cha habari usikitaje, na usikanushe watu mmoja mmoja. Ukisema "si fulani" kwa majina matatu, jina la nne wamelipata. Wakikuwekea karatasi ya kuomba radhi au kuahidi kutoandika tena, sema utaisoma na kujibu kwa maandishi. Usitie sahihi mezani.

Ukisimamishwa masomo, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema wasipotoa sababu, hatua huchukuliwa kuwa haikuwa na sababu ya msingi, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Halafu kata rufaa ya ndani kwanza. Wanafunzi wanaokimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja mara nyingi hurudishwa, kwa kuwa kifungu cha 9 kinataka njia za ndani zimalizwe, isipokuwa kwa hali za kipekee ambazo lazima uombe. Muda wa rufaa ya chuo huwa mfupi, na umeandikwa kwenye kitabu cha kanuni ulichopewa mwaka wa kwanza. Kitafute leo.

Na kuhusu vitisho vya polisi: kosa la jinai la kukashifu, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, lilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 6 Februari 2017. Madai ya fidia bado yapo, na mtu ana miezi 12 ya kuyafungua, hivyo daftari na rekodi zako zisitupwe kabla muda huo haujapita. Ila ukiwa ulifungua mfumo wa chuo kwa nywila ya mtu mwingine ili kupata nyaraka, hilo ni jambo jingine kabisa: ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, na ukweli wa habari haukuokoi. Mwone wakili kabla ya kusema lolote kuhusu nyaraka zilivyopatikana.

*Sisi ni kundi la waandishi tuliosoma chuo kimoja, sasa tuko kwenye magazeti na redio. Wadogo zetu wamebanwa na utawala. Tunataka kuwasaidia bila kuwaponza.*
— Wahitimu, Mombasa

Waulizeni kwanza wanataka nini. Huenda mwanafunzi amebakiza muhula mmoja na anachotaka ni cheti, si kuwa bango la uhuru wa habari. Jina na picha yake visitoke bila ridhaa yake, na mwachieni nafasi ya kubadili mawazo.

Msaada unaofaa hauonekani sana. Wakili mmoja anayekubali kusoma habari kabla haijatoka na kujibu ndani ya saa 24. Mtu mmoja kati yenu, si arobaini, wa kupigiwa simu. Pesa za kuchapisha zilipwe moja kwa moja kwa mpiga chapa, na risiti iandikwe jina la gazeti. Mchango ukiingia kwenye M-Pesa ya mhariri, wiki ijayo kamati itauliza nani anamfadhili, na mjadala wa hosteli utakuwa umekwisha.

Jambo kubwa mnaloweza kufanya ni kuithibitisha habari yao upya, kwa vyanzo vyenu, na kuitoa. Utawala unaomwandama mwanafunzi kwa habari moja hujikuta inabidi uwaandame na wahariri wa magazeti makubwa. Kule Marekani, Oktoba 2025, Chuo Kikuu cha Indiana kilimfuta kazi mkurugenzi wa vyombo vya habari vya wanafunzi na kulizuia gazeti la Indiana Daily Student lisichapishwe tena kwenye karatasi. Wanafunzi wa Purdue Exponent, gazeti lisilomilikiwa na chuo, tena kutoka chuo hasimu wa miaka nenda miaka rudi katika jimbo hilohilo, walichapa toleo la mshikamano na kulipeleka Bloomington, mji wa Chuo Kikuu cha Indiana, kulikozuiwa. Kabla mwezi haujaisha, chuo kikaruhusu uchapishaji. Purdue Exponent waliweza kwa sababu pesa na mtambo havikuwa mkononi mwa chuo.

Mkiandika barua, iende kwa baraza la chuo, ambalo ndilo lililo juu ya naibu chansela, nayo iombe jambo moja tu. Barua yenye madai tisa hujibiwa lile rahisi. Matusi mtandaoni kabla ya kikao yaacheni. Yatasomwa ndani ya kikao kama ushahidi dhidi ya kijana.

*Tuliomba hati za zabuni ya mesi. Tangu Februari ni "njooni kesho".*
— Mwandishi, Nyanza

Bila shaka mliomba kwa mdomo. Andikeni, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kinaruhusu Kiswahili. Msiombe "habari zote za fedha". Ombeni mkataba wa zabuni fulani, wa mwaka fulani, na orodha ya malipo ya kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo mmoja wenu atie sahihi kwa jina lake. Kama mwandishi mkuu ni Mganda au Mkongo, asaini mwenzake Mkenya. Sababu ya kuomba haiathiri haki yenu, na ombi lenyewe halilipiwi. Gharama ni ya nakala tu. Chuo cha umma kina siku 21. Kinaweza kujiongezea mara moja, siku zisizozidi 14. Kikinyamaza, sheria inahesabu kwamba kimekataa, na mna siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kalenda ianze kuhesabiwa tarehe ya muhuri.

Wakileta kisingizio cha sheria ya data binafsi, waambieni wafunike namba za vitambulisho na akaunti kwa wino mweusi, yaliyobaki wayatoe.

*Na huku Dodoma?*
— Msomaji

Msiazime siku zetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania, nayo ya 2016, inatoa siku 30, na neno lenu rasmi ni "taarifa", si "habari". Liandikeni hivyo kwenye kichwa cha barua, karani asipate pa kuanzia.

*Mimi ni mhadhiri na mlezi wa klabu ya wanahabari. Nimeagizwa nisome na kuidhinisha kila habari kabla haijatoka.*
— Mlezi, Nairobi

Ukiidhinisha, kila kosa la mwanafunzi ni lako, na la chuo pia. Hoja hiyo waelezee mawakili wa chuo, wataielewa upesi kuliko uhuru wa habari. Pendekeza badala yake hati ya kurasa mbili: wanafunzi wanaamua kinachochapwa, wewe unafundisha na kushauri ukiombwa, anayetajwa vibaya hupewa saa 48 za kujibu kwa maandishi, na jibu lake huchapwa, pesa za klabu hazikatwi kwa ajili ya habari iliyotoka. Hati hiyo isainiwe gazeti likiwa kwenye amani. Baada ya habari ya hosteli kutoka, hakuna atakayesaini.