Raba za kuzuia tope kwenye gari la mtindo wa Seven: zishuke hadi wapi, zifungweje?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Reading, Uingereza. Nimejijengea mwenyewe gari la mtindo wa Lotus Seven, lile gari dogo jepesi la wazi, kutoka kwenye vipande vya kuunga. Magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, na madigadi zake za faibaglasi zimeshikwa na mikono ya chuma. Lilishapita ukaguzi, lina namba. Shida yangu ni mvua na kokoto. Barabara ikilowa, kiwiko cha kulia na shavu vinarushiwa maji machafu, na madigadi za nyuma zimeanza kudonoka rangi. Ninayo raba ya lori ya unene wa milimita 6. Niikate niipige riveti, au nitaharibu?

JIBU: Nzuri, ndugu. Raba ya lori iache, na riveti pia ziache. Sababu nitazitoa, ila kwanza tuangalie uchafu wenyewe unaruka vipi, maana hapo ndipo wengi hukata raba fupi halafu wakashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Chochote kilichonata kwenye tairi kinachomoka kwa mstari ulionyooka. Kikiachia karibu na ardhi, kinaruka kwenda nyuma, chini chini. Kikichelewa kuachia, kinapanda. Kwa hiyo kokoto inayodonoa madigadi ya nyuma iliondoka kwenye tairi ikiwa chini sana, na maji yanayokupata wewe kiwikoni yaliondoka juu yake kidogo tu.

Jipimie kwa kamba. Weka gari sakafu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti. Mwenzako ashike ncha moja pale kiwiko chako kinapokaa, wewe vuta ncha nyingine hadi iguse sehemu ya chini ya tairi la mbele, upande wa nyuma, bila kupinda. Angalia kamba inapita kimo gani pale raba itakaponing'inia. Raba isiposhuka chini ya kamba hiyo, ni pambo.

Nimechukua vipimo vya kawaida vya gari la aina hii: tairi la nusu kipenyo cha mm 290, raba ikining'inia mm 330 nyuma ya katikati ya gurudumu. Kiwiko kikiwa mita 1.7 nyuma ya gurudumu na kimo cha mm 700, kamba inapita mm 115 juu ya ardhi. Ukiielekeza juu ya madigadi ya nyuma, mita 1.85 nyuma na kimo cha mm 600, inapita mm 95. Ukiielekeza chini ya madigadi hiyo hiyo, kimo cha mm 250, inapita mm 43 tu. Sasa unaona. Raba inayoishia mm 65 kutoka ardhini itakukinga wewe, na itakinga sehemu ya juu ya madigadi. Sehemu ya chini haiwezi, labda uiburuze barabarani. Hapo bandika ngao: raba nyembamba, bati la stenlesi au ile plastiki angavu ya kulindia rangi. Ukiniambia nichague kimoja kwa ajili ya rangi peke yake, nitachagua ngao. Raba ni kwa ajili ya shavu lako.

Kushusha hadi mm 65 kunatisha mtu aliyezoea magari ya kawaida, lakini gari lako lina faida moja. Mikono ya madigadi zako imefungwa kwenye kipande kile kile kinachobeba habu, kwa hiyo madigadi inapanda, inashuka na kukata kona pamoja na gurudumu. Springi zikididimia, raba haisogei kuelekea ardhini. Kwenye Seven zenye madigadi ndefu zilizofungwa kwenye bodi mambo ni mengine: huko gurudumu linahama na madigadi imetulia, na lazima upime springi zikiwa zimekandamizwa kabisa.

Faida hiyo ina gharama yake. Uzito wote unaoongeza unakaa upande wa gurudumu, chini ya springi, na unaning'inia kwenye mikono miembamba inayotikisika kila shimo. Magari ya ukoo huu, tangu Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alipotoa Seven ya kwanza mwaka 1957, yametengenezwa kwa kupunguza kila gramu, na mikono hiyo haikukadiriwa kubeba raba ya lori. Kipande cha sm 20 kwa 20 chenye unene wa mm 3 kina gramu 150 hivi. Raba yako ya mm 6 ni mara mbili ya hapo kila upande. Ongeza upepo: kwa maili 70 kwa saa, raba ya sm 17 kwa 17 ikikabili upepo mtupu inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo mbili. Tairi litaikinga kiasi, lakini nguvu hiyo haitulii, inapigapiga. Chuma hupata ufa kwenye weldi, na faibaglasi huanza mistari midogo kama utando wa buibui kuzunguka tundu. Riveti ndiyo mbaya zaidi hapo, kwa sababu inabana mahali padogo na inapanuka ndani ya faibaglasi.

Tafuta raba laini ya mm 3, au mm 2 yenye kitambaa ndani. Upana uwe wa tairi, usizidi madigadi. Iweke upande wa ndani wa madigadi. Nyuma yake, nje ya madigadi, weka ukanda wa alumini wa mm 2 uliofuata mviringo, wenye kingo zilizopigwa msasa. Ukanda huo ndio unaogawa mzigo.

Kutoboa faibaglasi: bandika selotepu ya karatasi, shikiza ubao kwa nyuma, drili iende polepole na isisukumwe. Tundu tatu za mm 5.5 zinatosha, ya pembeni isikaribie ukingo chini ya mm 15. Paka rezini ndani ya tundu kabla ya kufunga. Kichwa cha bolti, kile cha mviringo kilicho bapa, kikae ndani kikitazama tairi. Nati ikae nje. Nimeona gari lililofungwa kinyume, mkia wa bolti umechora mfereji kuzunguka tairi zima.

Sasa bolti zenyewe. Wengi wanataka stenlesi, mimi nasema nailoni, M5 (unene wa mm 5). Ukirudi nyuma kwenye ukingo wa barabara, tairi litaikanyaga raba na kuivuta chini. Bolti za nailoni zitakatika, utaokota raba yako. Za stenlesi zitang'oa mkia wa madigadi.

Kabla ya kuwasha gari, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie raba inavyoingia ndani. Ukikata kushoto, nyuma ya gurudumu la kushoto ndiyo inayosogea kwenye bodi. Ukikata kulia, ni ya kulia. Kama egzosi yako inatokea ubavuni nyuma ya gurudumu la mbele, acha nafasi ya vidole viwili kati yake na raba, vinginevyo punguza kona ya ndani ya raba kwa mshazari. Raba ikianza kuungua, utaigundua harufu kabla hujauona moshi.

Kwa wasomaji ambao bado hawajafika kwenye IVA, ule ukaguzi wa Uingereza wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa: madigadi inatakiwa ifunike gurudumu nyuzi 30 mbele na 50 nyuma ya mstari wa wima unaopita katikati ya gurudumu, na ukingo wake wa nyuma usiwe juu ya mm 150 kutoka usawa wa ekseli. Madigadi yenyewe itimize hayo. Usitegemee raba ikuokoe. Na nati za nje zivishwe kofia, mkaguzi hapendi ncha.

Magurudumu ya nyuma sikushauri, isipokuwa unatembea msafara na wenzako wanalalamika. Ukifunga, kumbuka madigadi hizo zimeshikwa na bodi, kwa hiyo pima gari likiwa na abiria na tangi limejaa.

Baada ya safari ya kwanza ya mvua, kamata ncha ya madigadi ya mbele uitikise kwa mkono. Ikicheza zaidi ya ilivyokuwa, kaza bolti za mikono na uchunguze weldi kwa tochi.