Mnauliza, tunajibu: Steringi aliyeanza muvi akiwa maiti

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimecheki muvi ya kizamani, Sunset Boulevard, sasa mbona mwanzo tu steringi ameshakufa, anaelea kwenye bwawa la kuogelea? Si tumekua tukijua steringi hafi? Na huyo jamaa ni nani? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hahaa, pole. Huyo ni William Holden, mzaliwa wa Illinois 1918, jina la nyumbani Beedle, studio wakambadilishia. Na ukimfuatilia utaona kufa kwake kawaida tu, Bridge on the River Kwai anakufa, The Wild Bunch anakufa, na ndo muvi zake kali. Ile picha ya maiti unayoiona kwa chini waliweka kioo kwenye sakafu ya bwawa kamera ikapiga taswira yake humo, ujanja wa 1950 huo, kompyuta hakuna. Halafu rolu yenyewe haikuwa yake, alipewa mwigizaji mwingine, Montgomery Clift, akachomoa dakika za mwisho. Kabla ya hapo Holden miaka kumi na kitu anapewa ukijana mzuri tu wa kutabasamu, na hata hiyo ya kwanza kubwa, Golden Boy ya 1939, walitaka kumtimua, mwigizaji mwenzake humo, Barbara Stanwyck, ndo akamkingia kifua na kumfundisha kazi. 1978 akasimama naye jukwaani kwenye Oscar akamshukuru mbele ya dunia nzima. Mimi hapo tu nilimpenda.

SWALI: Ni kweli alipopewa Oscar alisema asante akaondoka? Ndo maringo au?

JIBU: Maringo wapi, muda wa tivii ulikuwa umeisha! Ilikuwa ya Stalag 17, ya 1953, anacheza mfungwa wa vita mchuuzi ambaye wenzake wanamhisi msaliti. Ukiniuliza mimi ile ndo kazi yake bora, hana hata sekunde moja ya kuomba umpende.

SWALI: Hapa Nanyuki wazee husema Mount Kenya Safari Club ilikuwa yake. Ni ukweli ama porojo? Na alikufa aje?

JIBU: Ukweli kabisa, ila hakuwa peke yake. Hoteli hiyo aliinunua na wenzake wawili 1959, tajiri wa mafuta Ray Ryan na mtu wa benki Mswisi, wakaifanya klabu ya mastaa. Baadaye yeye na Don Hunt wakaanzisha ranchi ya wanyama hapo jirani, na alipofariki mpenzi wake wa miaka mingi Stefanie Powers akaanzisha taasisi kwa jina lake, ndo ile yenye kituo cha elimu ya wanyamapori hapo kwenu.

Kifo chake ni habari ya pombe, tusizunguke. 1966 kule Italia aliendesha gari amelewa akaua mtu, akapewa kifungo cha nje cha miezi minane, na bado hakuacha. Novemba 1981 akateleza kwenye fleti yake Santa Monica akiwa amelewa, kichwa kikagonga meza ya kitandani, akavuja damu mpaka akafa, na siku kadhaa hakuna aliyejua. Alikuwa na miaka 63.

Muvi yake iliyopigwa Kenya ni The Lion ya 1962, itafute uone mandhari, ila sikufichi, simba kaigiza kuwazidi wote.