Kabla ya kununua kebo ya monita, tazama nyuma ya mashine yako

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wenye kompyuta na monita mpya hapa Arusha ni hili: "Dada, ninunue kebo gani nzuri?" Siwezi kulijibu mpaka nijue tundu lililopo kwenye kompyuta na tundu lililopo kwenye monita. Kebo haiongezi kitu ambacho matundu hayo hayana. Kwa hiyo, kabla hujapanda daladala kwenda mjini, piga picha mbili kwa simu: mgongo wa kompyuta na mgongo wa monita. Muuzaji akiziona hizo, nusu ya kazi imekwisha.

Nafunga na kutunza kompyuta kwenye ofisi ndogo ndogo, hasa za kampuni za utalii, na kwenye maduka ya kuchapisha ya huko Njiro, karibu na Chuo cha Uhasibu. Mashine nyingi ninazozikuta ni mtumba kutoka nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, ThinkPad. Ni mashine imara na ninazipenda, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa ambazo zilikuwa zinatumia DisplayPort, moja ya aina za matundu ya picha kama zilivyo HDMI na VGA. Ile OptiPlex 7010 ya zamani ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, HDMI haina kabisa. Sasa mtu ananunua mashine hiyo, ananunua monita yenye HDMI na VGA, anapewa kebo ya HDMI kwa HDMI, na akifika nyumbani kwake, mtaa wa Sakina, hana pa kuichomeka.

DisplayPort na HDMI zinafanana kwa mbali. Ukitazama karibu, HDMI imekatwa pembe zote mbili za chini, DisplayPort imekatwa kona moja tu. Pia kebo nyingi za DisplayPort zina vijino viwili vinavyong'ang'ania tundu na kitufe cha kubonyeza juu ya plagi. Tafadhali bonyeza kitufe hicho kabla ya kuvuta. Nimeona matundu yaking'olewa kwenye bodi kwa sababu mtu alivuta kwa nguvu, na tundu la kwenye bodi ni kazi ngumu kulirudisha.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba kebo yenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili ina mwelekeo. Picha hutoka kwenye kompyuta kupitia DisplayPort na kuingia kwenye monita kupitia HDMI. Kinyume chake haifanyi kazi. Huo mwelekeo wa kwanza unawezekana kwa sababu matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanaweza kutoa mawimbi ya HDMI yenyewe. Utaona alama ya DP, yaani DisplayPort, ikifuatiwa na alama mbili za kujumlisha. HDMI haina uwezo huo wa kujigeuza. Ikiwa laptopu yako ina HDMI na monita inapokea DisplayPort tu, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, na mara nyingi kinakuwa na waya mdogo wa USB wa kuchukulia umeme. Kijana mmoja wa Tengeru aliambiwa dukani kwamba kebo "inaenda pande zote". Alihangaika na kioo cheusi mpaka akaanza kuamini kwamba monita imekufa. Monita ilikuwa nzima kabisa. Ukiambiwa maneno hayo, omba wakuonyeshe ikifanya kazi palepale.

VGA, ile yenye pini 15 na kwa kawaida plagi ya bluu, ilitoka IBM mwaka 1987 na bado imejaa mjini. Ikiwa ndiyo tundu pekee linalolingana pande zote mbili, itumie. Ukiona herufi zina ukungu, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita, na utafute kebo fupi na nene. Lakini kama pande zote mbili zina HDMI au DisplayPort, achana nayo. Mhasibu anayesoma tarakimu ndogo siku nzima kwenye monita ya pikseli 1920 kwa 1080 ataona tofauti kabla ya chai ya saa nne, na macho yake yanastahili kutunzwa. Kumbuka pia kwamba VGA haibebi sauti. DVI, tundu jingine la picha la zamani, inabeba picha safi hadi pikseli 1920 kwa 1200, na zaidi ikiwa ni ya njia mbili (dual link). Ukiikuta kwenye monita ya zamani haina tatizo.

Wenye monita za 4K, yaani za pikseli 3840 kwa 2160, wanahitaji kujua namba kidogo. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inafikisha 4K kwa 30 Hz tu, yaani picha 30 kwa sekunde, na kipanya kitaonekana kinasitasita. HDMI 2.0 ya 2013 inafika 60 Hz, na DisplayPort 1.2 ya 2010 ilikuwa tayari inafika hapo. Namba hizo ni za matundu. Kebo zenyewe za HDMI zina madaraja yake: High Speed, Premium High Speed na Ultra High Speed, na hili la mwisho huwa na lebo ya kuskani kwa simu kuthibitisha. Dhahabu kwenye plagi haing'arishi picha ya dijitali, usilipie zaidi kwa ajili hiyo.

USB-C ndiyo inayowachanganya watu zaidi siku hizi, na si kosa lao. Umbo ni moja lakini uwezo unatofautiana. Kuna laptopu ambazo USB-C yake inapitisha data na chaji tu, picha haitoki hata ukiweka kebo ya bei gani. Tafuta alama ya DP au ya radi ya Thunderbolt pembeni ya tundu, au soma maelezo ya modeli yako kamili. Halafu kebo: ile ya kuchajia simu haibebi picha, na hata ile ya kuchajia inayokuja na MacBook haibebi. Nunua iliyoandikwa waziwazi kwamba inapitisha video. Vyote vikikubaliana, raha yake ni kubwa: kwenye monita inayotoa umeme, waya mmoja unaleta picha na unachaji laptopu.

Makanisani shida ni urefu. Projekta iko katikati ya paa, kompyuta iko kwa wanakwaya, na watu wanaunga kebo mbili za HDMI kwa kiungio. Picha inakatika katikati ya ibada. Kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080, kebo moja nene ya mita 10 mara nyingi inatosha. Zaidi ya hapo, chukua HDMI ya nyuzi za mwanga, au jozi ya visanduku vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Kebo ya nyuzi za mwanga nayo ina mwelekeo: kila ncha imeandikwa ni ya kompyuta au ya skrini, hivyo isome kabla fundi hajaipitisha darini.

Kama dekstopu yako imeongezewa kadi ya picha, chomeka monita kwenye matundu ya kadi, yale yaliyolala chini, wala si yale yaliyo jirani na USB. Kesi nyingi za "kioo hakileti kitu" nimezimaliza hivyo tu.

Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya mipangilio ya ziada, uone monita inapewa Hz ngapi. Monita ya 144 Hz ikionyesha 60, kwanza fungua orodha uchague 144, kwa sababu mara nyingi Windows ndiyo imebaki kwenye 60. Kama 144 haimo kwenye orodha, hamia DisplayPort. Monita nyingi za aina hiyo zina tundu la HDMI lenye kikomo cha chini zaidi.