Mwanangu, mumeo si Nebukadreza

"Shangazi shikamoo. Nimeokoka mwaka wa pili huu, mume wangu bado. Ananishinikiza nilegeze imani. Anataka twende wote kwenye sherehe zenye pombe, anayemdai akipiga simu anataka niseme hayupo (juzi nilijibu kwa sauti yupo ila anajificha, akanuna wiki nzima), na sasa anapiga vita mfungo wangu wa siku 40 eti kwa sababu nimehamia kulala chumba cha watoto, na nilimtaarifu. Afadhali kazini wananielewa, nikienda maombi ya mchana mwenzangu hunisainia. Nisimameje imara? Mteswa kwa Ajili ya Imani."

Marahaba mwanangu, na pole. Kuwa peke yako kwenye imani ndani ya nyumba kunachosha, hilo silibishi. Pole imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia mumeo ndo anazidi kupata haki, na hapo nimesikia upande wako tu, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, sasa yeye naye angeandika ingekuwaje?

Kwenye uongo uko sawa. Usidanganye, ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, Mathayo 5:37, hakuna mjadala. Lakini ile "yupo ila anajificha" haikuwa ukweli wa kumpendeza Mungu, ulikuwa unamkomoa. Si ungempelekea simu aongee mwenyewe! Danieli alipokataa chakula cha mfalme Nebukadreza wa Babeli hakupindua meza wala kumuaibisha mtu, aliomba kwa adabu, mkuu wao alipoogopa kukatwa kichwa Danieli akamwendea msimamizi akamwambia hebu tujaribu siku 10 halafu utuangalie. Msimamo ule ule, mdomo mwingine.

Hiyo sherehe sioni kesi. Kwenye barua yako sijaona mahali mumeo kakwambia unywe, alitaka mkewe akae pembeni yake basi. Naamani, yule jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma alimwambia nabii Elisha bosi wangu ataniegemea mkono nikiingia naye nyumba ya Rimoni, na huyo Rimoni ni mungu kabisa siyo chupa ya bia, Elisha akamjibu nenda kwa amani. Wewe soda itakushinda?

Sasa huo mfungo. Hapa ndo niliweka miwani vizuri. Umehama chumba siku 40, ulimuuliza? Maana hujaandika popote kwamba mlikaa mkakubaliana, umeandika "nilimtaarifu". Paulo kwenye 1 Wakorintho 7 kasema msinyimane isipokuwa mmepatana, kwa muda, kwa ajili ya kusali, kisha mrudiane, Shetani asije akawajaribu. Mmepatana, yani wawili, siyo mmoja kafunga mlango mwingine anasikia kitasa. Na sura hiyo hiyo anasema mwenzio asiyeamini akikubali kukaa na wewe usimuache, wewe humuachi ila umemuhamia, tofauti yake ni ukuta tu. Halafu mwanangu nikuulize kitu na usinikasirikie, ni mfungo kweli au kuna hasira ya zamani umeivalisha kanzu? Kuna watu wakishindwa kusema "uliniudhi" wanasema "Bwana ameniongoza".

Na hii siyo yako peke yako. Ndoa za siku hizi mtu akipata kitu kipya, awe wokovu, masomo au cheo, mwenzake anageuka mtihani wa kushinda badala ya mtu wa kuishi naye, na wanaume ndo usiseme, wapo wanaoombea dunia nzima hadi alfajiri na mke kalala na homa hata hawajui. Petro kaandika waume wasioliamini neno watavutwa na mwenendo wa wake zao pasipo neno. Mumeo mpaka sasa kaona mwenendo gani, mbali na mgongo wako ukielekea kwa watoto?

Nimalize na kile ulichokipitisha haraka haraka ukidhani shangazi ni mzee haoni. Mwenzako ANAKUSAINIA. Yani mumeo akitaka useme hayupo ni dhambi, ila karatasi ikisema wewe upo na haupo ni uelewa? Kulegeza imani unakokuogopa kumeshaingia na hakukuletwa na mume, umekwenda nako mwenyewe hadi kwenye maombi. Kamuombe bosi ruhusa, akikataa omba saa ya mapumziko, akikataa na hapo sali ukiwa kwenye kiti chako kimya kimya.

Na leo usiku beba mto wako urudi chumbani. Kama mfungo unautaka bado, mwambie, mpange siku wawili. Akisema 3, chukua 3. Ukiniandikia tena, na yeye aongeze mistari yake kwa chini.