Gesi ya mtungi na gesi ya Mtwara ni vitu viwili

Mkuu, umeuliza kwa nini tuhimizwe kupikia umeme ilhali gesi imejaa Mtwara. Hapo wengi tunachanganya. Gesi ya mtungi haitoki Mtwara, inaletwa na meli kutoka nje na kulipiwa dola. Bei ikipanda huko, tunaumia jikoni. Gesi yetu ya Songo Songo na Mtwara inapita kwenye bomba, na sehemu kubwa inachomwa kufua umeme. Kwa hiyo ukipikia umeme ndipo unapoitumia gesi yetu wenyewe, pamoja na maji ya Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya kufua umeme wa megawati 2,115.

Kwangu mimi, sufuria la presha la umeme linaivisha maharage kilo moja bila kumaliza uniti moja, maana presha ikifika linajizima lenyewe, kisha linawaka kidogo kidogo. Jiko la umeme la koili ni habari nyingine, linakula Luku (umeme wa kulipia kabla) vibaya mno, usinunue. Mtungi mdogo nimeubakiza kwa ajili ya chapati na siku umeme ukikatika. Kikwazo ni bei ya kuanzia. Natamani sana masufuria haya ya umeme yauzwe kwa mkopo wa kukatwa kidogo kidogo kwenye Luku, ili hata mama anayenunua mkaa wa kopo aweze.