Breka ya betri kwa inveta ya kilowati 5
Kaka, umeuliza kama breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 63 inatosha kati ya betri ya volti 48 na inveta ya kilowati 5: ni ndogo mno. Wati 5,000 gawa kwa volti 48 unapata ampea 104. Betri ikishuka hadi volti 44, jumlisha na upotevu wa ndani ya inveta, zinafika 120 hivi. Ongeza robo: funga ya ampea 150 au 160, waya wa shaba wa milimita 50 za mraba, mfupi uwezavyo. Na iwe ya DC (umeme wa betri) kweli! Ya AC (umeme wa nyumbani) haiwezi kuzima cheche ya DC, itaungua.

Upande wa inveta unaotoa umeme wa nyumba, kwenye volti 230 inatoka ampea 22, basi breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6 za mraba. Ila pale umeme wa TANESCO unapoingia kwenye inveta, soma kitabu cha inveta kwanza: hapo unapita mzigo wa nyumba pamoja na chaji ya betri, 32 huenda isitoshe.