Fundi Anajibu: Pointi za Treni Ndogo Zinapogoma

Wasomaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaojenga reli ndogo za mezani wametuandikia kuhusu pointi, yaani sehemu inayohamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine. Katika majibu haya, ndimi ni zile reli mbili nyembamba zinazosogea, reli mama ni zile mbili za nje ambazo ndimi huziegemea, na V ni kile kipande chenye ncha pale njia zinapoachana.

Pointi inagonga lakini haihami

*Habari za kazi, fundi. Nina pointi sita zenye mota za koili mbili, moja ya kuvutia kila upande. Zilizo karibu na kibao cha swichi zinahama vizuri, lakini za mwisho wa meza zinagonga "tik" halafu ndimi zinabaki katikati. Natumia adapta ya DC ya volti 12, ampea 1, na waya wa simu. Nimebadilisha mota moja lakini hali ni ileile. Msomaji, Iyunga, Mbeya.*

Mota uliyoitoa usiitupe, maana huenda ni nzima kabisa. Pointi za karibu zikifanya kazi na za mbali zikagoma, mtuhumiwa wa kwanza ni waya, wa pili ni chanzo cha umeme, na mota ni wa mwisho.

Anza kwa kidole. Zima umeme, sukuma kile kijiti kinachounganisha ndimi. Kinapaswa kwenda na kurudi bila kukwama na kulala vizuri kila upande. Kikigoma, fungua skrubu za mota uisogeze kidogo, kwa sababu mota iliyofungwa upande hupoteza nguvu yake kwenye msuguano.

Kisha chukua maltimita (kipima umeme), weka kwenye omu, kipimo cha 200. Gusanisha ncha zake mbili uone inasoma ngapi. Mara nyingi ni 0.3 au 0.5. Huo ni ukinzani wa nyaya za maltimita yenyewe, uutoe kwenye kila kipimo, la sivyo koili ya omu 4 itakudanganya. Chomoa nyaya za mota, upime kutoka waya wa pamoja, yaani ule wa koili zote mbili, kwenda koili ya kwanza, halafu ya pili. Mota nyingi za aina hii zina omu chache tu, 4 au 5 hivi. Kubwa zaidi ni kwamba koili mbili za mota moja zisome karibu sawa. Ikisoma OL, yaani ukinzani umezidi kipimo, waya umekatika. Ikisoma nusu ya mwenzake au chini ya hapo, koili imeungua ndani.

Sasa tazama hesabu ya kwako. Koili ya omu 4 kwenye volti 12 inataka ampea 3, na adapta yako ina 1. Unapobonyeza tu, volti zinaporomoka. Juu ya hapo, waya wa simu wa unene wa nusu milimita una karibu omu 0.09 kwa kila mita. Pointi ikiwa umbali wa mita 6, umeme unakwenda mita 6 na kurudi mita 6, kwa hiyo omu 1 nzima iko njiani. Moja ya tano ya volti haifiki kwenye koili, na mvuto wa koili unapungua kwa kiasi kikubwa kuliko volti zenyewe. Ukwaruze waya huo kwa kisu pia. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na upotevu ni mkubwa zaidi.

Tumia waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, hasa kwa waya wa pamoja unaohudumia mota zote. Halafu jenga sanduku la kapasita, yaani kifaa kinachoweka akiba ya umeme. Mahitaji ni adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19, kapasita mbili za mikrofaradi 2,200 zenye kuhimili volti 35, rezista moja ya omu 100 ya wati 5, na dayodi moja ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Mafundi wa redio na televisheni pale Mwanjelwa wanavijua vyote. Ukipewa kapasita iliyotumika, angalia kichwa chake: kikiwa kimevimba, ikatae.

Chanya ya adapta iingie kwenye dayodi, ule mstari wa dayodi ukiwa upande wa rezista, kisha rezista, kisha miguu chanya ya kapasita zote mbili kwa pamoja. Miguu hasi irudi kwenye hasi ya adapta. Kutoka chanya ya kapasita peleka waya kwenye swichi za kubonyeza, kutoka hapo kwenye koili, na waya wa pamoja wa mota urudi kwenye hasi. Kagua miguu ya kapasita mara mbili kabla ya kuwasha, kwa sababu ikigeuzwa inaweza kupasuka usoni kwako.

Kapasita inajaa ndani ya sekunde mbili hivi, halafu inamwaga umeme wake wote kwa mkupuo mmoja mkali. Swichi ikinasa, rezista inaruhusu chini ya ampea 0.2 tu, na koili inasalimika. Subiri hizo sekunde mbili kabla ya kuhamisha pointi inayofuata, la sivyo utadhani tatizo limerudi.

Harufu ya kuungua

*Shikamoo fundi. Nimetumia swichi za taa za nyumbani kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Mota mbili zimetoa moshi. Mwanafunzi, Tukuyu.*

Marahaba. Swichi ya taa inabaki imewaka mpaka uizime, na koili ya pointi imetengenezwa kupokea umeme chini ya sekunde moja. Ikiachwa hapo, inayeyusha plastiki yake. Weka swichi ya kubonyeza na kuachia, kama ya kengele ya mlango, na sanduku la kapasita tulilolieleza hapo juu. Mota zilizotoa moshi zipime omu, lakini hata zikisoma vizuri, angalia kama kile chuma cha katikati bado kinateleza.

Shoti pointi ikielekezwa upande mmoja

*Salaam. Klabu yetu inajenga mfano wa stesheni ya TAZARA kwa reli za milimita 16.5. Pointi zetu zina V ya chuma kitupu, na ndimi zimeungana nayo kiumeme. Pointi moja ikielekezwa kushoto, adapta ya reli inajizima papo hapo hata kama mezani hakuna injini. Ikirudishwa kulia, kila kitu kinarudi. Mwezi Machi ilifanya kazi vizuri, shida imeanza Julai. Mwalimu, Makambako.*

Mwalimu, taarifa ya miezi umeiweka vizuri sana, maana ndiyo inayofichua ugonjwa.

V ya chuma inabadilisha umeme kila pointi inapohama. Ikielekezwa kushoto, ulimi wa kulia unaegemea reli mama ya kulia, na V yote inachukua umeme wa kulia. Ikielekezwa kulia, inachukua wa kushoto. Ndiyo maana reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V zinakatwa, kila moja na mwanya wake, ili umeme unaolishwa mbele ya pointi usikutane na wa V. Mwanya mmoja ukiziba, utapata shoti kwenye uelekeo mmoja tu.

Wengi hukagua mwanya usiohusika. Shoti ikitokea mnapoelekeza kushoto, mwanya ulioziba uko kwenye reli ya ndani ya njia ya *kulia*, ile ambayo treni inapita bila shida. V imeshika umeme wa kulia, na reli ya ndani ya njia ya kulia inalishwa umeme wa kushoto, vinagusana pale.

Hakikisheni kwa maltimita. Chomoeni adapta, ondoeni injini na mabehewa yote, wekeni kipimo kwenye mlio. Pointi ikiwa kulia, gusa V kwa ncha moja na reli mama ya kushoto kwa nyingine: ilie. Gusa V na reli mama ya kulia: iwe kimya. Geuza pointi kushoto na majibu yageuke. Yakigoma kugeuka, yaani V inalia na reli mama zote mbili, mmempata mhalifu.

Kuhusu miezi: mbao zilizofungwa wakati wa mvua zimevimba kwa unyevu. Ukifika ukavu na upepo wa Julai zinasinyaa, na reli zilizogongomewa juu yake zinasogeleana. Mwanya wa nusu milimita unatosha kutoweka. Kateni upya kwa msumeno wa sonara au ubapa mwembamba wa msumeno wa chuma, kisha pachikeni kipande cha plastiki. Ile kadi kubwa inayobaki baada ya kutoa laini ya simu ina unene wa karibu robo tatu ya milimita, unafaa kabisa. Kibandikeni kwa gundi ya epoksi, kikikauka kikateni na kukipiga tupa kifuate umbo la reli juu na ubavu wa ndani. Mwanya uliojazwa hauwezi kuziba tena. Fanyeni hivyo kwa mianya yote ya meza, hata ile ambayo bado haijasumbua.

Kama siku moja mtaongeza swichi ndogo ya kulisha V, inayobadilika pointi inapohama, mguu wa C (wa pamoja) uende kwenye V, na miguu ya NO (unaoungana swichi ikisukumwa) na NC (unaoungana ikiachiwa) iende kwenye reli mama, kila mmoja reli yake. Ikipiga shoti pande zote mbili, badilishaneni nyaya za NO na NC.

Jambo moja nje ya swali. TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli. Reli ya milimita 16.5 kwa kipimo cha 1:87 inawakilisha 1,435, ambao ni upana wa SGR. Mkitaka TAZARA iwe TAZARA kwenye reli hizohizo, jengeni mabehewa na majengo kwa 1:64.

Injini inazimika ikishavuka pointi

*Fundi, njia ya pembeni haina umeme mpaka nibonyeze ndimi kwa kidole. Kila nikisafisha inapona wiki mbili, halafu inarudi. Msomaji, Rungwe.*

Umeme wa njia hiyo unategemea ulimi kugusa reli mama, sehemu ndogo kama ncha ya kalamu, na kwa unyevu wa Rungwe kutu na uchafu havichelewi. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu haraka zaidi. Futa kwa spiriti na kipande cha pamba, lakini ujue hiyo ni huduma ya kwanza.

Dawa ya kudumu ni kuacha kutegemea mguso. Kama V ya pointi yako ni ya plastiki, lehemu waya mwembamba kutoka kila reli mama kwenda ulimi ulio upande wake, chini ya mataruma, na upeleke nyaya mbili za umeme moja kwa moja kwenye njia ya pembeni. Kama V ni ya chuma na imeungana na ndimi, usiunganishe hivyo, utapata shoti. Ilishe V kwa swichi ndogo niliyomweleza mwalimu. Shikilia pasi ya kulehemu sekunde mbili au tatu tu, na weka pamba yenye maji pande zote mbili za kiungio ili mataruma ya plastiki yasiyeyuke.

Mota ya loki ya gari

*Hapa Iringa mota za pointi hazipatikani, lakini za kufunga milango ya gari zipo. Zinafaa? Msomaji, Mashine Tatu.*

Zinafaa, ukizidhibiti. Ni za volti 12 DC na hugeuka uelekeo ukigeuza chanya na hasi, kwa hiyo tumia swichi ya miguu sita inayorudi katikati yenyewe. Gusa chini ya nusu sekunde, na weka fyuzi kwenye waya wa chanya.

Shida yake ni nguvu na mwendo. Inasogea karibu milimita 20, wakati ndimi zinahitaji 2 au 3. Ukiifunga moja kwa moja itang'oa kijiti. Weka mkono wa wenzo wenye ekseli karibu na upande wa pointi, na kiungo cha mwisho kiwe waya wa springi wa milimita 0.8, ili ujipinde wenyewe mwendo unapozidi.

Ukipata yenye nyaya tano, ichukue hiyo. Mbili ni za mota, na tatu ni za swichi iliyo ndani inayobadilika mota ikisogea. Zitambue kwa mlio wa maltimita: waya mmoja unalia na mwenzake wa kwanza mota ikiwa mwisho huu, na wa pili ikiwa mwisho ule. Huo mmoja ndio C. Upeleke kwenye V, na hao wawili kwenye reli mama.